Makumbusho ya Wamiao na Wadong, Guizhou: Mwongozo Kamili wa Msafiri

Mfanyabiashara au mwanafunzi aliyeko Guangzhou yuko karibu na Guizhou kuliko anavyodhani. Treni ya mwendokasi kutoka kituo cha Guangzhou Kusini hadi Guiyang, makao makuu ya mkoa huo, hukata kilomita 857 kwa saa nne hadi sita, kulingana na idadi ya vituo inavyosimama, na njiani hupita katikati ya milima ya Wadong na Wamiao. China inatambua makabila 56: Wahan ndio wengi, na 55 yaliyobaki ni makabila ya wachache. Upande wa kusini-mashariki wa Guizhou, uitwao Qiandongnan, ni jimbo la Wamiao na Wadong lenye mamlaka yake ya ndani, na mji wake mkuu ni Kaili.

Ushauri wetu mkubwa kuliko yote ni huu: anza na makumbusho ya mjini, kijiji kifuate. Wageni wengi hufanya kinyume. Wakishuka kwenye treni hukimbilia kijiji cha Xijiang, hutazama ngoma ya jukwaani, hununua bangili, basi. Makumbusho huwa mahali pa kujikinga mvua tu. Aliyetumia saa tatu mbele ya nguo na mapambo Guiyang au Kaili huingia kijijini akijua anachokiona na anachotaka kuuliza, na wenyeji humtambua upesi mgeni wa namna hiyo.

Hatua ya 1: Chagua makumbusho

Guiyang kuna mawili. Makumbusho ya Mkoa wa Guizhou, yaliyohamia jengo jipya mtaa wa Guanshanhu mwaka 2017, ni makubwa na yamepangwa vizuri. Yanafaa kama una siku moja tu. Makumbusho ya Makabila ya Guizhou yako uwanja wa Zhucheng, katikati ya mji. Ni madogo, lakini yamejikita kwenye makabila pekee.

Kaili kuna Makumbusho ya Makabila ya Qiandongnan. Faida yake ni kwamba vitu vingi vimetoka wilaya utakazozitembelea kesho yake: Leishan, Taijiang, Danzhai, Rongjiang, Congjiang. Ukiwa na muda wa makumbusho moja kabla ya vijiji, chagua haya.

Ndani ya Xijiang kwenyewe, kijiji kikubwa cha Wamiao wilayani Leishan, kuna makumbusho ya Wamiao. Yana maana zaidi ukiyaingia asubuhi mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika.

Aina ya nne ni ya peke yake: makumbusho ambayo kijiji kizima ndicho makumbusho. Ya kwanza nchini China yalifunguliwa Suojia, wilaya ya Liuzhi, magharibi mwa Guizhou, mwaka 1998, kwa ushirikiano wa China na Norway. Wataalamu walioyabuni ni Su Donghai wa China na John Gjestrum wa Norway. Kuna kituo cha kumbukumbu katika kijiji cha Longga, na vijiji 12 vya Wamiao wanaojulikana kwa vitana vikubwa vya mbao vyenye umbo la pembe, ambavyo wanawake huvizungushia nywele na nyuzi nyeusi mpaka vikawa kama mbawa mbili. Mengine matatu ya mpango huohuo yalifuata: Zhenshan ya Wabuyi karibu na Guiyang, Longli ya Wahan, na Tang'an ya Wadong wilayani Liping. Hapa hukati tiketi ukaingia ukumbini. Unaingia mtaani kwa watu, na adabu yake tutaieleza mbele.

Hatua ya 2: Hati, simu na pesa

Pasipoti halisi utembee nayo kila siku, usiiache hotelini. Tiketi ya treni hukatwa kwa pasipoti. Getini mashine nyingi za kusoma vitambulisho zimetengenezwa kwa kadi za Wachina, hivyo pita dirisha lenye mhudumu. Makumbusho ya serikali kwa kawaida ni bure, ila huingii bila kitambulisho. Nakala ya kwenye simu mara nyingi hukataliwa.

Nafasi za kuingia mara nyingi huwekwa kwa WeChat, programu ya Kichina ya ujumbe na malipo kwenye simu, siku moja au zaidi kabla. Shida ya wageni ni kwamba fomu nyingine hutaka namba ya simu ya China au namba ya kitambulisho cha Kichina. Fomu ikikugomea, mwombe mhudumu wa hoteli akusaidie, au fika mlangoni mapema na pasipoti mkononi uandikishwe hapo. Usisubiri mchana, maana nafasi za siku huisha.

Siku ya kufungwa ni Jumatatu kwa makumbusho mengi ya serikali. Hili ndilo linaloharibu safari nyingi zaidi kuliko mvua. Saa za kazi kwa kawaida ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na mlango wa kuingilia hufungwa mapema kuliko wa kutokea. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba na siku za Mei Mosi. Nchi nzima huwa likizo, na vyumba Xijiang hujaa.

Huduma za Google na WhatsApp hazifanyi kazi kwenye intaneti ya kawaida ya China. Kabla ya kuondoka, pakua programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila mtandao, pamoja na ramani ya Kichina kama Amap. Unganisha kadi yako na Alipay au WeChat ukiwa bado mjini, na beba yuan za noti ndogo. Bibi anayeuza uzi sokoni ana karatasi ya kuskani, lakini mtandao mlimani hukatika.

Malazi: kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hufanya hivyo yenyewe. Nyumba ndogo za wageni vijijini baadhi hazijui utaratibu na hukataa wageni wa nje usiku ukiwa umeshaingia, hivyo piga simu kabla uulize kama wanapokea pasipoti. Ukilala kwa mtu binafsi, wewe au mwenyeji wako anapaswa kukuandikisha polisi.

Kwa asiyekula nguruwe, jifunze kutambua maandishi 清真 kwenye vibao vya migahawa ya Waislamu. Guiyang na Kaili hupati shida, ila vijijini beba chakula chako.

Hatua ya 3: Panga siku

Siku nne zinatosha kwa mzunguko mmoja wa maana. Siku ya kwanza ni ya makumbusho ya Guiyang. Siku ya pili panda treni hadi Kaili Kusini, safari isiyofika saa moja. Kituo kiko mbali na mji, hivyo tenga muda wa basi au teksi, kisha ingia makumbusho ya Kaili mchana. Siku ya tatu nenda Xijiang, au kijiji cha Langde Juu, nacho cha Wamiao wilayani Leishan, kama unapenda utulivu. Siku ya nne rudi, au baki kijijini kwingine. Mabasi ya vijijini huisha mapema alasiri. Uliza saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujapanda la kwenda.

Anayetoka Guangzhou na anavutiwa zaidi na Wadong asiende Guiyang kwanza. Ashuke kituo cha Congjiang na aende Zhaoxing, kijiji chenye minara mitano ya ngoma (majengo marefu ya mbao ya kukutania), kila kundi la ukoo na mnara wake. Tang'an iko mlimani, juu ya Zhaoxing. Panda kwa gari, kisha shuka kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga ya matuta, kama saa mbili. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, maana mawe ya njia hiyo yakilowa huteleza vibaya.

Hatua ya 4: Ndani ya ukumbi

Usianze kwa kupiga picha. Kumbi za nguo huwa na mwanga hafifu, takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga huua rangi za mimea na uharibifu wake haurudi nyuma. Simama dakika chache macho yazoee. Zunguka ukumbi mzima mara moja bila kusoma chochote, chagua vitu vitano au sita, ndipo urudi. Anayesoma kila kibao huchoka kabla ya kufika kwenye nguo bora, ambazo mara nyingi ziko ukumbi wa mwisho.

Kwenye kibao tafuta mambo matatu. La kwanza ni kabila: 苗 ni Wamiao, 侗 Wadong, 布依 Wabuyi, 水 Washui. La pili ni zama: 清 ni utawala wa Qing uliokoma mwanzoni mwa 1912, na 民国 ni kipindi cha 1912 hadi 1949. La tatu, ambalo wageni hulipuuza, ni jina la wilaya. Wamiao wa Taijiang na Wamiao wa Danzhai hawavai sawa, hawadarizi sawa, na mara nyingine lugha zao haziingiliani. Neno "Wamiao" peke yake halikuambii nguo imetoka wapi. Andika wilaya kwenye daftari, nayo itakuongoza uende kijiji gani.

Nguo ndizo zinazostahili nusu ya muda wako. Kwa karne nyingi Wamiao hawakuwa na maandishi yanayotumika kwa upana, na sindano ilihifadhi mengi. Kipepeo utakayemwona kila mahali ni Mama Kipepeo, aliyezaliwa na mti na akataga mayai 12, ambamo alitoka babu wa binadamu. Mistari ya kulala kwenye sketi za marinda wengi huisimulia kuwa mito na mashamba ambayo mababu waliyavuka walipohama.

Sogea karibu na kioo bila kukigusa, utafute namna tatu za kudarizi. Nguo za Shidong, wilayani Taijiang, zimedariziwa kwa uzi wa hariri uliopasuliwa kuwa nyuzi nyembamba, kisha ukapitishwa kwenye utomvu wa tunda la mti wa sabuni ili ulainike na ushikamane. Uso wake hung'aa na huwezi kuona mshono ulikoanzia. Namna ya pili ni vipande vidogo mno vya hariri iliyokaushwa kwa gundi, vinavyokunjwa pembetatu na kupangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Kola moja huhitaji vipande vingi sana. Ya tatu ni uzi uliosukwa kwanza kuwa ukanda mwembamba, ndipo ukashonwa juu ya kitambaa. Ukilazwa bapa hutoa mchoro laini, ukikunjwa na kusimamishwa hutoa mchoro ulioinuka, mzito, unaodumu miaka mingi. Simu yako inaweza kuwa kioo cha kukuzia: vuta picha karibu, angalia, futa.

Batiki ya hapa huchorwa kwa kisu, si kwa brashi. Vipande vidogo vya shaba hubanwa pamoja kwenye mpini, huchovywa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyuka, na nta hushuka polepole kati ya vipande hivyo. Kitambaa huingizwa kwenye pipa la nili mara nyingi. Kila kikitoka huwa cha kijani, hewa hukigeuza buluu, kisha hurudishwa. Mwisho huchemshwa nta itoke. Nta ikiwa baridi mno hukatika kwenye kisu, ikiwa moto mno hutanda na mstari huharibika. Ndiyo maana mistari myembamba na sambamba ya batiki za Danzhai au za Suojia ni ushahidi wa mkono uliokomaa.

Kitambaa cha Wadong chenye mng'ao wa zambarau iliyokolea wengi hukidhania kuwa plastiki. Ni pamba iliyotiwa nili mara nyingi, ikapakwa gundi ya ngozi ya ng'ombe na ute wa yai, ikapondwa kwa nyundo za mbao juu ya jiwe mpaka ikang'aa. Kijijini kikiwa kipya huchafua mkono na nguo nyeupe, kwa hiyo usikiegemee.

Usipite mbeleko haraka. Nyumba nyingi za Wamiao ziliweka ufundi wao bora kwenye mbeleko ya mtoto kuliko kwenye nguo ya sherehe: darizi nzito, alama za kinga, mara nyingine sarafu na njuga. Mama yeyote Mswahili ataielewa papo hapo jinsi inavyofungwa, na swali kuhusu mbeleko hufungua mazungumzo na wanawake wa kijijini kuliko swali lolote lingine tunalolijua.

Kwenye mapambo ya fedha, pembe kubwa za kichwani huvuta macho, lakini kazi ngumu zaidi iko kwenye minyororo na maua madogo. Sonara huvuta waya wa fedha kwenye bamba lenye matundu, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka waya ukonde kama unywele, kisha huusokota na kuuchomelea. Zamani sarafu za fedha ziliyeyushwa kupata malighafi.

Lusheng, ala ya kupuliza ya mianzi, kwa kawaida ina mirija sita iliyochomekwa kwenye mwili wa mbao, na ndani ya mirija kuna vilimi vya shaba vinavyolia pumzi ikitoka na ikiingia. Mifano ya minara ya ngoma na madaraja ya paa itazame kwa chini: mbao zimechomekana kwa ulimi na tundu, bila misumari. Hesabu matabaka ya paa. Karibu kila mara ni idadi witiri.

Hatua ya 5: Picha

Flashi zima kabisa, hata pasipo na alama ya katazo. Mwako wa kioo huondoka ukikaribisha kamera kwenye kioo, ukiiinamisha kidogo, na ukivaa nguo nyeusi. Kila kitu kipige picha mbili: kibao kwanza, kitu baadaye. Usipofanya hivyo, jioni utakuwa na picha mia za nguo nzuri zisizo na jina wala wilaya.

Vijijini omba ruhusa kwa ishara kabla ya kuinua simu, na ukikataliwa usirudie. Wazee wengine hukubali kwa malipo, kubaliana kabla. Kwa watoto, omba ruhusa kwa wazazi wao.

Hatua ya 6: Kijiji ambacho ni makumbusho

Waliobuni mpango wa Suojia waliweka kanuni zinazojulikana kwa jina la Liuzhi. Ya kwanza inasema wanakijiji ndio wenye utamaduni wao, na wao ndio wenye haki ya kuufafanua. Nyingine inasema utalii ukigongana na uhifadhi, uhifadhi ndio utangulie. Mgeni aishike hiyo ya kwanza kwa vitendo: anza kituo cha kumbukumbu, uliza njia zipi ziko wazi, na usiingie nyumba kwa sababu mlango uko wazi. Longga ukifika siku ya kawaida huenda usione pembe hata moja, kwani ni vazi la sherehe. Usimwombe mwanamke aliyetoka shambani akuvalie.

Vijiji vya Wadong vina madhabahu ya Sa, bibi mlinzi wa kijiji. Usiingie, usiguse, usikalie mawe yake. Miti mikubwa ya zamani pembeni ya kijiji mara nyingi huhesabiwa kuwa walinzi pia, kwa hiyo usivunje tawi.

Moto ni hatari ya kweli. Nyumba ni za mbao na zimebanana. Baojing, kijiji cha Wadong, kiliungua Januari 2014 na nyumba zaidi ya 100 zikateketea. Usivute sigara ndani ya kijiji, na kwenye nyumba ya wageni usiache chaja ya simu imechomekwa ukatoka.

Katika vijiji vya Leishan mgeni hupokewa langoni kwa pombe ya mchele kwenye pembe. Desturi ni kwamba ukiishika pembe kwa mkono, unywe yote. Mikono iache nyuma, uonje kwa midomo. Asiyekunywa kabisa aweke mkono kifuani, ainamishe kichwa na atabasamu. Wenyeji wamelizoea hilo na hawalichukulii vibaya.

Hatua ya 7: Kununua na kupita forodha

Geuza kitambaa. Darizi ya mkono ina mafundo na nyuzi zisizolingana kwa nyuma. Ya mashine ina uzi wa chini wa rangi moja na hatua sawasawa. Batiki ya mkono hupenya pande zote mbili na nyufa zake hazijirudii. Iliyochapwa imepauka nyuma, na ukitazama vizuri utaona ufa uleule ukirudi kila baada ya nafasi ileile.

Kwenye fedha, neno 苗银 dukani halimaanishi fedha safi. Mara nyingi ni shaba nyeupe iliyopakwa fedha, au mchanganyiko wenye fedha kidogo. Sumaku haisaidii, kwa sababu shaba nyeupe nayo haivutwi. Tafuta mhuri wa 足银 au S990, pima uzito mbele yako, na uliza bei kwa gramu. Muuzaji anayekataa mzani achana naye. Shaba nyeupe si dhambi, na kama pambo la bei nafuu inafaa, mradi ulipe bei yake.

Vitu vya zamani ndiyo sehemu ya kuwa mwangalifu zaidi. Sheria ya China inakataza kutoa nje vitu vyenye uwakilishi vya makabila ya wachache vilivyotengenezwa mwaka 1966 au kabla. Mbeleko ya bibi wa mtu, hata ukiinunua kihalali sokoni Kaili, inaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Nunua kazi mpya kutoka kwa mshonaji mwenyewe, omba risiti iandikwe jina la kitu na mwaka kilipotengenezwa, piga picha ya fundi akiwa nacho kama ameridhia, na kiweke kwenye begi la mkononi pamoja na risiti ili afisa akiuliza usilazimike kufungua sanduku zima.